Kijitabu cha arobaini kutoka duka moja la Ngamiani: karatasi nzuri, fomu mbovu

Tanga, kwenye barabara za namba za Ngamiani, duka linalochapa kadi za harusi ndilo hilo hilo linalochapa vijitabu vya marehemu. Duka linalopimwa hapa (jina tunaliacha) hutoa kijitabu cha A5, kurasa 16, rangi kote, kava nene. Kilichopitiwa ukurasa kwa ukurasa ni cha fundi wa reli mstaafu, baba wa watoto sita, mcheza bao, mvuvi wa mshipi siku asizokuwa kazini. Kwa uchapaji, duka linajiweza. Maneno andikeni wenyewe.

Tuanze na linalostahili sifa. Kurasa 16 ni karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati, moja ya kava na tatu za ndani. Ndani wametumia karatasi ya kung'aa ya gramu 130, kava gramu 250. Karatasi nene ya kava ikikunjwa kwa kidole tu hupasuka mgongoni, tona (unga wa rangi wa mashine ya kuchapa) inabanduka na mstari mweupe unatokea katikati ya picha. Hapa wameipiga kistari kwanza kwa rula ya chuma na ncha butu, ndipo wakakunja, na mgongo umetoka msafi. Wamekata pia ukingo wa mbele baada ya kupiga pini, jambo ambalo maduka mengi huliruka. Karatasi zikishapandana, za ndani huchomoza kidogo kuliko za nje, na kitabu kisichokatwa kinakuwa na mdomo.

Sasa fomu. Duka humpa mteja karatasi ya kujaza yenye vichwa sita: Kuzaliwa, Elimu, Kazi, Ndoa, Kuugua, Familia aliyoiacha. Kazi imepewa mistari miwili. Kuugua, nusu ukurasa. Ukijaza kama ulivyoelekezwa unapata mtu aliyezaliwa, akaajiriwa, akaugua, akazikwa, na kijitabu cha fundi wa reli kinafanana na cha mwalimu na cha kuli wa bandarini. Mzee alikuwa karakana zaidi ya miaka thelathini, hospitali wiki tatu. Nani kapanga mizani hiyo?

Ufinyu huo huzaa na makosa. Kijitabu kinasema mzee "aliajiriwa na TRC mwaka 1966". Mwaka huo TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, haikuwapo. Mwajiri alikuwa East African Railways and Harbours. Mwaka 1969 reli na bandari zilitenganishwa, kila moja ikawa shirika lake chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ndipo Tanzania ikaunda Shirika la Reli lake yenyewe. Kwa mtu aliyeanza 1966, hao ni waajiri watatu bila kuhama benchi la kazi. Ukiandika hivyo, msomaji anaelewa pia kwa nini picha za ujana wake zina Nairobi na za utu uzima hazina. Kabla ya 1977 reli ilikuwa moja, na fundi wa Tanga aliweza kupanda kupitia Korogwe, Mombo na Same hadi Kahe, akaingia Kenya kwa njia ya Voi.

Ramani ya safari zake ni wazo zuri lililoharibiwa na mtu wa kompyuta. Amepiga mstari kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam ukifuata pwani, unapita Pangani na Bagamoyo. Hakuna reli huko. Treni ya Tanga huenda bara kwanza, na pale Mnyusi, kabla ya Korogwe, ndipo njia inaposhuka kusini kwenda Ruvu kukutana na reli ya kati. Kipande hicho kilifunguliwa 1963. Wazee wa reli wako hai bado na watakuja kwenye hitma. Kosa kama hilo wataliona kabla ya chai kupoa.

Kwa sehemu ya kazi, tafuta karatasi kabla ya kutafuta watu: barua ya ajira, kitambulisho cha kazini, cheti cha kustaafu, mihuri ya kwenye pasipoti. Tarehe ya kuzaliwa ikiwa 1 Januari au 1 Julai, mara nyingi ni ya karani, kwa hiyo andikeni mwaka peke yake. Kisha waulizeni wenzake wa kazini mkononi alishika nini. Fundi wa mabehewa hushika nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja na kusikiliza: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Maelezo hayo yanatosha chini ya picha moja, na mjukuu atayakumbuka kuliko "alikuwa mchapakazi". (Mchapakazi, mcheshi, mpenda watu. Nani aliwahi kuandikwa mvivu na mnuno kwenye kijitabu?)

Picha ndizo zinazochukua muda, na ndizo duka linapopatia nusu na kukosea nusu. Picha ya kava ilitoka kwenye pasipoti saizi, upana wa sentimita 3.5, ikakuzwa hadi 14, yaani mara nne. Ukiskani kwa nukta 300 kwa inchi na kukuza mara nne, zinabaki 75 kwenye karatasi, na uso unakuwa ukungu. Skani kwa 1200. Duka lilifanya hivyo, na hata nyuzi za kofia zinahesabika. Picha nyingine zilitumwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida, ambayo huzibana ili zipite haraka, kwa hiyo ukurasa wa 9 ni vigae vitupu. Zitume kama dokumenti, au peleka kadi ya kumbukumbu mwenyewe.

Picha za rangi za miaka ya 70 na 80 huwa nyekundu kwa sababu rangi ya samawati ndani yake ndiyo hufifia mapema. Hapo dawa ni kurudisha samawati kidogo kidogo, na duka limelifanya kwa mkono mwepesi. Picha iliyogandana na kioo cha fremu isibanduliwe. Skani na kioo chake. Ya albamu ya gundi pitishia uzi wa kusafishia meno kwa nyuma, taratibu. Na kabla hawajachapa zote, waambie wajaribu moja kwenye karatasi ile ile, kwa sababu skrini huwaka na karatasi haiwaki: uso wetu mweusi unaopendeza kwenye kompyuta hutoka kama kivuli usipoongezewa mwanga kidogo.

Wakikuambia wana programu ya kusafisha sura, kataa. Programu hizo hazirudishi kilichofutika, hubuni. Kovu la kwenye nyusi linatoweka, meno yanapangwa upya, mjane anaangalia mtu wa kutengeneza.

Kosa la ukurasa wa 12 ni la aina yake. Mzee yuko barazani anacheza bao. Mtu wa kompyuta ameigeuza picha kama kwenye kioo ili uso uangalie ndani ya kitabu, desturi ya wapanga kurasa. Lakini bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na nyumba, lile shimo la mraba, huwa la tano ukihesabu kutoka kushoto kwa mchezaji kwenye safu ya mbele. Hapa imekuwa ya tano kutoka kulia. Mfuko wa shati nao umehamia kulia, na mzee anaonekana anatia kete kwa mkono wa kushoto. Ukipokea nakala ya majaribio, angalia maandishi yoyote ndani ya picha, mifuko ya mashati, saa ya mkononi. Vikiwa upande usio wake, picha imegeuzwa, na kurekebisha ni kubofya mara moja.

Aya ya Kiarabu kwenye kava la nyuma imevunjika: herufi zimeachana na zinasomeka kinyume, kwa sababu programu yao haijawekewa mpangilio wa kulia kwenda kushoto. Njia salama ni kuipeleka aya kama picha iliyokwisha andikwa sawasawa. Njia bora ni kuandika tarjuma tu, maana kijitabu hiki kesho kinaweza kufungia maandazi.

Kwa upande wa gharama, kinachohesabiwa ni upande wa A4 uliochapwa. Karatasi nne zina pande nane. Kwa shilingi 500 kila upande ni 4,000 kwa kijitabu, nakala 80 ni 320,000. Kurasa huenda kwa nne nne. Jina la mjukuu aliyesahaulika likisukuma maandishi hadi ukurasa wa 17, utalipia 20, na hapo ni 80,000 zaidi. Kwa hiyo orodha ya familia ifungwe mapema na isomwe kwa sauti mbele ya mjane, dada wa marehemu na mtoto mkubwa, kila mama na wanawe. Magomvi ya jina lililorukwa hudumu kuliko karatasi.

Faili lifike dukani siku ya 25 baada ya mazishi. Kuskani na kusahihisha rangi huchukua siku tatu nne, nakala ya majaribio mbili, na umeme ukikatika wakiwa katikati ya kazi, rangi ya kundi la pili inaweza isilingane na la kwanza. Watu wawili wasaini nakala ya majaribio ukurasa kwa ukurasa, mmoja aliyemjua mzee nyumbani na mmoja wa kazini. Familia ya kijitabu hiki ilisaini kava peke yake.

Tutalipendekeza duka, kwa sharti la kuacha fomu yao mezani na kwenda na maandishi yenu yaliyokwisha chapwa. Kuhusu kutunza: hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu, karatasi za kung'aa zikibanwa zikiwa na unyevunyevu hugandana, na pini huanza kutu. Weka nakala za nyumbani zimesimama, zisilazwe kwa rundo. Ukiona doa la kahawia kwenye mkunjo, inua miguu ya pini kwa ncha ya kisu, itoe, ushone kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale, fundo likae upande wa ndani.