Mwaka na nusu na mfumo mmoja wa simu, ujumbe na mikutano: uzoefu wangu

Kabla ya kuhamia mfumo huu, ofisi yetu ilikuwa na njia sita za kumpoteza mteja. Simu ya mezani ya mapokezi, simu tatu za mkononi za watu wa mauzo, barua pepe ya pamoja ambayo kila mtu alijua nenosiri lake lakini hakuna aliyeona ni kazi yake kuifungua, na WhatsApp ya ofisi iliyokaa kwenye simu ya mtu mmoja. Huyo mtu alipokwenda likizo, WhatsApp nayo ikaenda likizo.

Tuko watu kumi na wanane, tunauza pampu za maji na kuzifanyia matengenezo. Mimi si mtu wa kompyuta, ni msimamizi wa ofisi ambaye kila chenye waya huishia mezani kwake. Kampuni iliyotuuzia siitaji, maana mengi yaliyotuudhi yatakukuta hata ukinunua kwingine.

Mfumo wenyewe ni huu: simu, ujumbe mfupi, ujumbe wa sauti, faksi (ndiyo, wateja wa faksi bado wapo) na mikutano ya video vyote vinaingia kwenye programu moja. Namba ya ofisi ikipigwa inaita kwenye kifaa cha mezani, kwenye kompyuta na kwenye simu ya mkononi kwa pamoja, anayewahi ndiye anayepokea. Sauti haipiti tena kwenye nyaya za zamani za simu. Inapita kwenye intaneti, imekatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, halafu inaungwa upya upande wa pili. Shida zetu karibu zote zilitokea hapo katikati.

Wiki ya kwanza simu zilikuwa zinakatika. Aliyegundua utaratibu wake ni dada wa mapokezi, ambaye ana mazoea ya kutazama saa ya kwenye skrini akiwa anaongea. "Bosi, hizi simu zimetegeshwa," akaniambia. "Zikifika sekunde thelathini na mbili zinakufa." Nikadhani anatia chumvi. Nikatoka nje, nikapiga namba ya ofisi, nikahesabu naye: thelathini, thelathini na moja, kimya. Nikapiga tena. Vilevile.

Siku nne tulizungushwa. Wenye mfumo walisema tatizo ni intaneti, wenye intaneti wakasema tatizo ni mfumo. Siku ya nne usiku nikampata fundi mmoja wa zamu ambaye kusikia tu hiyo 32 akacheka. Akanieleza kwamba simu hizi hupangwa kwa itifaki, yaani kanuni za vifaa kuwasiliana, iitwayo SIP, na simu inapopokelewa vifaa viwili hupeana salamu tatu: mpigaji anasema "njoo", mpokeaji anasema "nimekuja", mpigaji anamalizia "nimekupata". Hiyo ya tatu ikipotea njiani, mpokeaji huendelea kurudia "nimekuja" mpaka muda wake uishe, na kwa mujibu wa viwango vilivyowekwa 2002, muda huo ni sekunde 32. Kisha hukata. Kumbe ruta yetu ilikuwa na kipengele kinachoitwa SIP ALG, kimewashwa tangu kiwandani ati kisaidie, kazi yake kufungua salamu hizo na kubadilisha anwani zilizomo. Chetu kilikuwa kinaziharibu. Tukakizima kwa dakika mbili na simu zikatulia. Ukienda kununua mfumo wa aina hii, muulize muuzaji kuhusu kipengele hicho kabla hujaweka sahihi. Akibabaika, utajua ni nani atakayekuhudumia mambo yakiharibika.

Kasi ya intaneti, ambayo muuzaji wetu aliipigia debe sana, haikuwahi kuwa tatizo. Simu moja kwa G.711, njia ya kawaida ya kugeuza sauti kuwa data, hula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo hata simu kumi kwa mpigo hazifiki megabiti moja. Kinachoua sauti ni ucheleweshaji, na vipande kufika bila mpangilio. Mwongozo wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, unataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio. Sisi tulikuwa chini ya hapo siku nzima, isipokuwa kila saa nne asubuhi, wateja walipoanza kusikika kama roboti. Tulikuja kugundua kwamba saa hiyo kompyuta ya uhasibu ilikuwa inapandisha nakala rudufu ya mafaili yote. Tukaihamishia usiku, na fundi akaiagiza ruta ipitishe sauti kwanza, mafaili baadaye. Roboti hatujamsikia tena.

Umeme ni habari nyingine. Simu ya zamani ilipata umeme wake kutoka kwa kampuni ya simu kupitia waya uleule wa sauti, ndiyo maana taa zikizimika yenyewe iliendelea kuita. Hizi za sasa hunywa umeme kutoka kwenye swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha vifaa vyote vya ofisi. Swichi ikizimika, meza zote zinakufa. Tulinunua UPS, yaani betri ya akiba, kwa ajili ya ruta na swichi tu, inatosha. Ikiisha, simu zinaendelea kuingia kwenye simu za mkononi, kwa sababu mfumo wenyewe haumo ofisini, uko kwenye seva za mtoa huduma.

Na usifute laini yako ya zamani mpaka namba ihamishwe kabisa. Mhasibu wetu alishaandika barua ya kuifuta, nikaikamata mlangoni. Laini ikifungwa mapema, namba ambayo wateja wameizoea miaka yote inaweza kupotea.

Nilichokipenda kuliko vyote hakikuwemo hata kwenye tangazo lao: orodha ya simu ambazo hazikupokelewa. Kila mtu anaiona, na aliyempigia mteja anaweka alama. Zamani simu ikikosa mpokeaji haikuwa kosa la mtu. Sasa saa tisa alasiri mtu wa mauzo anafungua orodha, anakuta namba tatu hazina alama, anapiga bila kuambiwa. Hilo tu limenilipa.

Ujumbe wa sauti unaofika kwenye barua pepe ukiwa maandishi nao ni mzuri, kwa wanaoongea Kiingereza. Kwa Kiswahili ni vichekesho. Mteja alisema pampu imekwama, mimi nikasoma kwamba papa amekwama. Huwa nasikiliza sauti yenyewe.

Ile alama ya kijani inayoonyesha nani yupo na nani hayupo ilileta ugomvi. Fundi mmoja aliweka nyekundu wiki nzima akisema hapendi kuchungwa, na sikumlaumu. Tulikubaliana kwamba alama ni ya kujua umpigie mtu au umwandikie, si ya kuhesabu saa za kazi. Mameneja walichukua muda kuelewa.

Programu ya simu ya mkononi ndiyo dhaifu kuliko yote. Simu ikiwa imelala mfukoni, mlio huchelewa kiasi kwamba mezani inakuwa imeshaita mara mbili au tatu. Vyumba vya karakana sikuvilipia akaunti kamili. Vina kifaa kimoja cha pamoja, na hakuna aliyelalamika.

Mkataba unaisha baada ya miezi sita na naelekea kuuongeza. Ila nimeuliza mara mbili tutatoaje rekodi zetu za simu na ujumbe tukiamua kuhama. Mara ya kwanza walinitumia kiungo cha ukurasa wa msaada unaoeleza namna ya kubadilisha mlio wa simu. Mara ya pili bado nasubiri.