Zinki inang'aa, vichwa vya bolti vinadondoka: uzoefu wangu na karakana moja ya Dar

Nianze na sifa nisije nikaambiwa nina chuki binafsi. Zinki wanayopaka bolti inang'aa, dawa ya njano inayowekwa juu yake kuikinga imekaa sawasawa, haina mabaka, na bei haina kelele.

Sasa tuje kwenye bolti za 12.9, daraja gumu kuliko 8.8.

Nilipeleka bolti mifuko miwili. Wa kwanza 8.8 za M12 (unene wa milimita 12), za chesisi. Wa pili 12.9, zile zenye tundu la alenki kichwani. Mfuko huo wa pili niliuandika kwa maka peni: zisafishwe kwa mchanga, zisiguswe na tindikali, na zikitoka kwenye zinki ziingie tanuri. Kijana wa kaunta akasoma kwa sauti, akacheka mbele ya wateja: "Bosi, bolti ni bolti. Unataka zinki au unataka kuoka mkate?"

Haya, mkate wenyewe ni huu. Chuma cha 12.9 ni kigumu mno. Ukikitumbukiza kwenye tindikali kuondoa kutu, hidrojeni inazaliwa na sehemu yake inapenya ndani ya chuma. Umeme wa kwenye bafu la zinki unaongeza nyingine, halafu zinki yenyewe inaifungia humo isitoke. Bolti ikikazwa, hidrojeni inajikusanya panapovutwa zaidi, yaani chini ya kichwa au kwenye hesi ya kwanza. Haikatiki ukiwa umeshika spana. Inakatika baadaye, saa kadhaa au siku kadhaa, gari limeegeshwa hata halijaguswa.

Ndiyo maana ya tanuri: ndani ya saa 4 tangu zitoke kwenye zinki, joto la nyuzi 190 hadi 220, kwa saa 8 mpaka 24 kwa chuma kigumu namna hiyo. Na iwe KABLA ya dawa ya njano. Ukioka baada yake, njano inapasukapasuka na kinga inapotea. Zangu zilirudi na njano safi isiyo na ufa hata mmoja, kwa hiyo angalau hazikuokwa baada ya njano; kama ziliokwa kabla, njano yenyewe haisemi. Vichwa vikaanza kudondoka, spana ya kipimo ikiwa imeshafanya kazi yake na kuwekwa.

Nimevirudisha, jibu likawa: "Umekaza sana, bosi."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Bolti iliyokazwa kupita kiasi inarefuka kwanza, kiuno kinakonda, hesi zinaachana mpaka nati haipandi. Hizi zimekatika kavu, unene uleule, na pale zilipokatika pana chembechembe zinazometa kama chumvi ya mawe. Huhitaji maabara, unahitaji macho. Kijana hakutaka hata kuzishika.

Haki yao niwape: zile 8.8 hazina tatizo. Chuma chake si kigumu kiasi hicho, tindikali haikidhuru. Na unene waliupatia. Ukiongeza maikroni 1 ya zinki (sehemu moja ya elfu ya milimita), kipenyo cha katikati ya hesi kinaongezeka maikroni 4, na bolti ya kawaida ya M12 ina nafasi ya maikroni 34 tu. Kwa hiyo ukivuka maikroni 8 hivi, nati inaanza kugoma. Zangu zinapanda kwa vidole. Ila kwa gari linalovuka Kigamboni kila siku na kula chumvi ya bahari, maikroni 8 ni za kupitisha msimu. Huko chovya 8.8 kwenye zinki iliyoyeyuka, na nati zake zikatwe hesi upya ziwe pana kidogo. Kwa 12.9 tafuta mipako ya vipande bapa vya zinki na alumini, inayopakwa kama rangi kisha ikaivishwa kwa joto. Haina umeme, na ukisafisha kwa mchanga haina tindikali, basi hidrojeni itatoka wapi?

Nilikuwa nimewapa nyota moja. Nikaziangalia tena zile 8.8, nikapandisha hadi tatu, maana kwa bolti laini kazi yao ni nzuri kweli na ningewarudia.

Lakini kabla sijaondoka nilimwuliza mwenye karakana mwenyewe tanuri lao liko wapi, na yule mtu mzima akanyoosha kidole kwa mama ntilie wa jirani, wote wakaangua kicheko. Moja. Ibaki moja.