Vifaa vya ziada kwenye R66: vilivyonifaa na vinavyokula kilo bure

Naruka helikopta aina ya Robinson R66 ya kampuni ndogo ya kukodisha. Kabla mashine tunayotumia sasa haijaagizwa, wenye kampuni waliniletea orodha ya vifaa vya ziada wakaniambia niweke alama kwenye ninavyovitaka. Orodha yenyewe ni ndefu, na kila kitu humo kinaonekana cha lazima ukiwa umekaa ofisini. Ukiwa kwenye kiti cha rubani mambo ni mengine.

Kabla hujafika kwenye rangi ya ngozi na ukubwa wa skrini, fanya hesabu hii. R66 inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa jumla usiozidi kilo 1,225. Ikiwa tupu, kama inavyotoka kiwandani bila nyongeza, ina kilo 585 hivi. Jaza tangi, kama lita 279, umeongeza kilo 224. Zinabaki kilo 416 za rubani, abiria na mizigo. Viti ni vitano. Kalisha watu watano wa kilo 85 kila mmoja unapata 425, na hapo hakuna aliyebeba hata mkoba.

Kwa hiyo kila kifaa nakiuliza: wewe utamshusha nani? Uzito wa kifaa cha ziada haulipwi mara moja siku ya kununua. Unaubeba kila ukinyanyuka, hata siku ambazo kifaa chenyewe hakijawashwa.

Nianze na kiyoyozi, maana ndicho kilichotuletea mabishano. Nilikitaka na sijutii. Kabini ya helikopta hii ni kioo mbele, kioo pembeni, na jua linaingia kwa raha zake. Watu hudhani tatizo ni joto la angani, lakini ukishapanda juu kidogo na kufungua vile vijidirisha vya hewa, mambo huwa si mabaya. Shida iko chini. Injini ya tabaini, yaani ya aina ya jeti, haizimwi ghafla. Ukishatua unaiacha izunguke polepole kwa dakika mbili ipoe ndipo unazima, na milango haifunguliwi hovyo wakati rota, yaani mapanga ya juu, inazunguka. Dakika hizo, jumlisha na zile za kusubiri kabla ya kuondoka, ndizo zinazomtoa mteja akiwa amelowa mgongo mzima. Kiyoyozi kikiwepo hewa inashuka kutoka kwenye matundu ya darini, na hata wa nyuma wanaipata usoni badala ya kusubiri mabaki ya mbele.

Ila kuna ubaya wake, na muuzaji hatautaja. Injini ya tabaini huchoka kwenye joto. Hewa ikiwa ya moto na nyepesi, unafikia kikomo cha joto la ndani ya injini mapema zaidi, na nguvu uliyoizoea asubuhi hutaipata mchana. Maana yake siku unayokihitaji kiyoyozi zaidi ndiyo siku mashine haina cha kukupa. Mimi nikiwa na mzigo kamili na kiwanja kimebana, nakizima kabla ya kunyanyuka na kukiwasha nikishashika mwendo. Abiria hata hawatambui. Kama unaruka sehemu za baridi mwaka mzima, usikiagize kabisa, hita inakutosha. Nayo hita inatumia hewa iliyoshindiliwa na kompresa ya injini, kwa hiyo na yenyewe inadai sehemu yake ya nguvu. Hakuna cha bure humu.

Ngozi za viti sina mengi ya kusema. Zinafutika matope, zinapendeza kwenye picha, na zikipigwa jua zinaunguza. Ninachowasihi watu ni wasiongeze mito minene ya kununua mtaani. Viti vya R66 vimeundwa vibonyee vinyonye kishindo mashine ikianguka kwa nguvu, na sanduku lililo chini ya kiti ni sehemu ya mpango huo. Ndiyo maana vitu vigumu havipakiwi humo. Nimeona watu wakisukumia chupa za vilainishi na spana chini ya kiti cha abiria wa mbele kwa sababu "pana nafasi." Nafasi hiyo imeachwa kwa ajili ya uti wa mgongo wa huyo abiria.

Sasa tuje kwenye kelele na mtikisiko, ambako ndiko starehe yenyewe ilipo.

R66 ina mapanga mawili tu juu, na rota inazunguka kama mara 400 kwa dakika. Piga hesabu: kila sekunde unapata vishindo kumi na tatu na kitu. Mtikisiko huo wa mara mbili kwa kila mzunguko ni wa kuzaliwa nao, hautatoka, na ukiuzoea hauusikii. Unaochosha watu ni ule wa mara moja kwa mzunguko, kama mtu anayekusukuma bega kwa mdundo mmoja safari nzima. Huo ni ugonjwa na una dawa. Ukikurusha juu na chini, panga moja linapita juu ya njia ya mwenzake. Ukikuyumbisha kushoto na kulia, uzito wa rota hauko sawa. Fundi anafunga vipima-mtikisiko, anaruka na wewe hatua kwa hatua, kisha anarekebisha fimbo za mapanga, anakunja kidogo vile vibati vya nyuma ya panga, anaongeza au kupunguza vizito. Kipimo kinachotafutwa kwa kawaida ni chini ya inchi 0.2 kwa sekunde. Mafundi wengi huishia hapo. Mimi namwomba wangu asiishie hapo, ashuke zaidi kadiri inavyowezekana, na ananivumilia.

Kazi hiyo haiongezi hata gramu moja ya kukuumiza, na hakuna kiti wala zulia litakalokupa raha ya namna hiyo. Nashangaa kwa nini haimo kwenye karatasi za mauzo. Ukipewa mashine iliyotumika, iwe na kila kifaa duniani, omba kuonyeshwa vipimo vya mwisho vya mtikisiko kabla hujauliza habari ya skrini.

Baada ya hapo ndiyo hedseti, vile vipokea sauti vya kuvaa masikioni. Zile zinazofuta kelele kwa umeme zinafanya kazi nzuri zaidi kwenye ngurumo nzito za chini, na ngurumo za rota ni za aina hiyo hasa. Nilisisitiza ziwe tano, moja kwa kila kiti. Walitaka kununua mbili za mbele, na nyuma wabaki na zile za kawaida. Nikawauliza, anayelipa anakaa wapi? Nyuma! Rubani hupewa kila kitu kizuri kwa sababu ndiye anayeulizwa maoni, halafu mteja wa nyuma katikati anatoka na kichwa kinamgonga na hutamwona tena. Hata kama R66 ni pana kuliko mdogo wake R44 kwa karibu sentimita 20, kiti hicho cha katikati ndicho kidogo kuliko vyote, na kila ninapopima kifaa cha starehe namfikiria aliyekaa hapo.

Kama utazinunua, agiza na matundu ya umeme wake darini. Hedseti za betri hufia katikati ya safari, na huwezi kugeuka nyuma ukamfundisha mgeni kubadilisha betri. Jambo jingine dogo: mikono ya miwani ya jua ikiwa minene, inanyanyua mto wa hedseti na kelele inaingia kwa pembeni. Mteja atakwambia hedseti ni mbovu. Mpe miwani yenye mikono myembamba, malalamiko yanakwisha.

Kuna nyongeza moja ya starehe ambayo kwa kweli ni punguzo. Vidhibiti vya kushoto hutolewa: mkono wa usukani, mkono wa kupandishia, na pedeli. Usukani wa Robinson ni nguzo moja katikati yenye mtambaa unaoinama kushoto na kulia, kwa hiyo ukichomoa kile kishikio cha kushoto, abiria anabaki na magoti huru na hakuna kinachomchezea mapajani. Kila siku isiyo ya mafunzo, mimi naondoa. Inanipunguzia pia wasiwasi wa kiatu cha mgeni kukanyaga pedeli wakati natua.

Otopailoti ya HeliSAS, mtambo unaokushikia usukani, ndiyo niliyoitilia shaka kuliko vyote, na sasa ndiyo ninayoitetea. Haifiki hata kilo 7. Inashika mwinamo wa mbele na nyuma pamoja na mlalo wa pembeni; pedeli na mkono wa kupandishia vinabaki vyako. Hili ni la kuelewa vizuri. Ukiiambia ipande au ishike kimo bila wewe kuongeza nguvu, itajitahidi kwa kunyanyua pua, na mwendo utaisha mbele ya macho yako huku yenyewe ikitii amri. Haisimamii injini hata kidogo.

Faida yake nimeiona kwenye safari ndefu. Usukani wa helikopta nyepesi hauachiliwi. Ukiinama kuokota ramani, mashine inaanza kuinama na wewe. Otopailoti ikiwa imeshika, nakunywa maji, nabadilisha masafa ya redio, naandika saa ya kuondoka, na abiria hasikii kuyumba hata kidogo. Unaihisi mkononi kama kani laini inayorudisha usukani mahali pake. Unaweza kuisukuma ukaishinda, ukiachia inarudi. Kitufe cha kuitoa kiko kwenye kishikio hichohicho, chini ya kidole. Wengine huisifia kwamba itakuokoa ukiingia mawinguni. Inaweza kukushikia mashine wima wakati unageuza kurudi ulikotoka, sawa. Lakini R66 ni mashine ya kuruka kwa macho, na sijawahi kuona kitufe kinachobadilisha hilo.

Kuhusu skrini, hapa najua nitapingwa. Moja ya mbele ya rubani na moja ya ramani zinatosha. Ukianza kupanga skrini kubwa, dashibodi inapanuka na kunyanyuka, na abiria wa kushoto, ambaye amelipia kuona dunia, anabaki anaangalia mgongo wa plastiki. Mwonekano wa chini na mbele ndio uzuri wa helikopta. Usiuzibe.

Tangi la ziada tulilikataa. Linakaa kwenye buti, linabeba zaidi ya lita 160, na likijaa ni kama kilo 130 za mafuta. Rudi kwenye zile kilo 416 uone zinabaki ngapi: 286, kabla hujatoa uzito wa tangi lenyewe. Hao ni watu watatu, na buti imekwisha kuliwa sehemu kubwa. Kwa mtu anayekagua mabomba au nyaya za umeme maporini mbali na mafuta, akiwa na mwenzake mmoja, ni kitu kizuri sana. Kwetu sisi wa kubeba watu na mabegi yao, hapana.

Maboya ya dharura yanayojaa upepo sitayaita starehe. Kama unaruka juu ya maji, yanunue, mjadala haupo. Kama huruki juu ya maji, unabeba mzigo na ratiba ya ukaguzi kwa kitu ambacho hutakitumia.

Mwisho ni vioo vya mbele vya polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, ambavyo kwenye orodha yetu vilikuwa nyongeza badala ya vile vya plastiki ya akriliki. Vimetengenezwa kuhimili ndege wa kilo 1 kwenye mwendo wa kilomita 185 kwa saa. Anayeruka chini chini, ambako ndege wako, asivikwepe. Mtu aliyewahi kupigwa na ndege kifuani hahitaji kubembelezwa. Uangavu wake sioni tofauti na vya kawaida. Utunzaji ndio unaotaka nidhamu. Mwagia maji kwanza, mengi, vumbi lote liondoke kabla kitambaa hakijagusa, kisha pitisha kwa mkono na sabuni laini. Dawa za kusafishia vioo vya nyumbani zenye amonia zisikaribie, na karatasi za chooni pia, ingawa kila kiwanja ninachotua kuna kijana mwenye nia njema anakuja mbio akiwa ameshika vyote viwili.