Uzoefu Wangu na Saksafoni Kongwe ya Conn Niliyoinunua Mombasa
Saksafoni ninayoieleza hapa ni alto (saksafoni ya ukubwa wa kati) ya kampuni ya Conn, ya aina inayojulikana kwa jina la New Wonder, iliyotengenezwa Elkhart katika jimbo la Indiana, Marekani. Niliinunua kwa mzee mmoja ambaye zamani alikuwa akipiga katika bendi za hoteli za Nyali. Aliitisha shilingi 95,000 tukaafikiana 60,000, na si kwamba mimi ni hodari wa kupatana: ala yenyewe ndiyo iliyopunguza bei tulipoikagua pamoja.

Mzee aliamini kuwa ni ya mwaka 1914, kwa kuwa tarehe ya Desemba 8 ya mwaka huo imegongwa mgongoni mwake. Tarehe hiyo ni ya hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya matundu ya sauti yenye kingo zilizokunjwa, na Conn waliendelea kuigonga kwenye saksafoni zao kwa miaka mingi. Hata namba 1119954 iliyo kando yake ni ya hataza. Namba ya ala yenyewe huandamana na herufi M, na ya hii inaangukia katikati ya miaka ya 1920. "Hata hivyo, mwanangu, imenizidi umri," alinijibu, nami sikuwa na la kubisha.

Umri peke yake haupandishi bei, kwa maana kiwanda kile kilitoa saksafoni nyingi mno katika miaka hiyo na nyingi bado zinapigwa. Mimi nilitafuta herufi nyingine, yaani L, inayoonyesha kuwa ala imepangwa kwa kipimo kinachotumika leo, ambapo noti ya A ina mitetemo 440 kwa sekunde. Zipo za enzi hizo zilizoundwa kwa kipimo cha juu cha takriban 457, na hizo haziwezi kupatanishwa na kinanda cha kanisani wala na gitaa la bendi, kwa sababu ukiivuta sauti chini noti hazishuki kwa kiasi kimoja. Vilevile nilihakikisha kuwa si ile ya ufunguo wa C, ambayo si alto, ambayo Marekani waliitengeneza kwa wingi wakati ule na ambayo leo humwangukia mnunuzi asiyejua tofauti.

Ala ilikuwa imepakwa fedha, na kwa hewa yetu ya chumvi fedha hiyo ilikuwa imegeuka nyeusi kabisa. Mzee alitaka kuipeleka ikasuguliwe kwa mashine kabla sijaichukua. Nilimsihi asifanye hivyo. Weusi wa fedha hutoka kwa kitambaa na subira, lakini shaba iliyoliwa na mashine hairudi. Ndiyo maana saksafoni kongwe inayong'aa kama mpya hunitia shaka: nazitazama nakshi zake na namba yake, na zikiwa zimefifia, kingo zake zimelainika, najua imesuguliwa ikapakwa vanishi upya, na thamani yake imeshuka hata kama sauti haijaharibika.

Shingo niliitazama kwa ubavu. Wapigaji wenye mkono mzito huipinda kidogo kidogo wanapoingiza kipande cha mdomoni, na shingo iliyoinama huvuruga usawa wa sauti. Hii ilikuwa nzima, ila kile kifaa cha kurekebishia sauti kilicho mwishoni mwake, ambacho Conn walijivunia, kilikuwa kimeganda.

Kazi kubwa ilikuwa kupima uvujaji. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, tuliingiza taa nyembamba ndani ya mwili wa ala tukafunga vifuniko kimoja baada ya kingine, na mwanga ukatokeza karibu kila mahali: pedi za ngozi zinazoziba matundu zilikuwa zimekauka na kuota ukungu, na springi kadhaa zimeliwa na kutu. Hayo yote hubadilishwa. Kilichonitia hofu zaidi ni kingo za matundu, kwani kingo zilizokunjwa hazipigwi tupa kama zile za kawaida. Fundi akizisawazisha ovyo anaukata mkunjo wenyewe, na hapo hakuna tena cha kuokoa. Kwa bahati, zilikuwa sawa.

Ukarabati, pamoja na pedi zilizoagizwa Nairobi, ulinigharimu shilingi 38,000. Kwa jumla hiyo mtu angeweza kutafuta Yamaha YAS-23 iliyotumika, alto ya wanafunzi, na kwa mtoto anayeanza kujifunza ningemshauri mzazi aichukue hiyo bila kusita, kwa kuwa vitufe vyake ni vyepesi. Conn hii humchosha mpigaji kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na kwa kipande cha mdomoni cha kisasa chenye tundu jembamba noti zake za juu zilipanda hadi nikalazimika kutafuta chenye nafasi pana ndani. Lakini sauti yake ni nene na yenye joto, na ukumbini husikika bila kipaza sauti hata panapokuwa na ngoma.

Kwa ala ya namna hii isiyokarabatiwa, singezidi shilingi 60,000. Ikiwa imeshawekwa pedi na springi mpya, na muuzaji akakubali mnunuzi aipige noti ya chini kabisa kwa pumzi ndogo nayo ikaitika bila kukwaruza, laki moja ni bei ya haki.