Kizibo cha pedali ya breki cha Honda: kidogo, lakini ndicho kinachozima taa

Taa za breki zikigoma kuzima, wengi hukimbilia kununua swichi mpya. Kwenye Honda za miaka mingi, kagua kwanza kapeti chini ya pedali. Ukikuta vipande vya plastiki vilivyosagika, swichi huenda ni nzima. Kilichokufa ni kizibo, namba 46505-SA5-000.

Kazi yake ni kuziba tundu kwenye mkono wa pedali ili ncha ya swichi ibonyezwe mguu ukitoka. Kikivunjika, ncha hupenya tundu na swichi hudhani umekanyaga breki. Balbu mbili za wati 21 hula takriban ampea 3.5, kwa hiyo betri ya kawaida huweza kuisha usiku mmoja. Hatari zaidi: kwenye otomatiki, gia inaweza kutoka P (ya kuegesha) bila kukanyaga breki.

Kukifunga ni rahisi. Bonyeza pedali chini kupata nafasi, sukuma shina la kizibo kwenye tundu kutoka upande unaotazama swichi, kibane kwa koleo hadi kinase. Taa zisipozima hata hapo, chomoa plagi ya swichi: zikizima, swichi imekufa au imekaa vibaya, zikibaki, tafuta nyaya zilizogusana.

Tunapendekeza cha asili. Vya raba laini hubonyea, taa zikaanza kuwakawaka. Bolti na nati ambazo baadhi ya mafundi hufunga hufanya kazi, ila chuma hula ncha ya swichi. Sarafu na gundi, hapana kabisa.