VS Code kwa mtu anayeanza: nyota nne, na zile soo tano zangu nilizopoteza bure

Nimetumia hii Visual Studio Code (VS Code), edita ya kuandikia programu za kompyuta, miezi mitatu sasa. Mimi nauza nafaka Kibuye hapa Kisumu, mahindi, maharagwe, ndengu, na kompyuta sijawahi kusomea zaidi ya kuchapa barua, kwa hivyo kama wewe ni injinia wa programu hii riviu si yako, pita tu. Hii ni ya yule amedaunlodi edita jana usiku, akaandika ule mstari wake wa kwanza, akabonyeza, kimya, na saa hii anajiuliza kama ni lapi mbovu ama ni kichwa chake.

Lapi yako iko sawa. Kuna mtu tu hujamwalika, na nitafika kwake.

Nilianza hii maneno kwa sababu ya daftari ya madeni. Wateja wangu wengi wanachukua gorogoro mbili tatu wanasema "mwisho wa mwezi mama", na mimi naandika, na mwisho wa mwezi ukifika nakaa chini na kikokotoo cha simu hadi macho yanauma, halafu bado jumla ya kwanza na ya pili hazilingani. Mtoto wa dada yangu, yuko chuo mwaka wa pili, akaniambia Anti, si ujifunze Python kidogo, ile lugha ya kuandikia programu, hiyo kazi unaifanya na mistari mitano. Nikacheka. Halafu nikanunua lapi ya mtumba, ex-UK, Windows 10, RAM ya 4GB, kwa sababu kucheka ni bure lakini madeni si bure.

Kosa langu la kwanza lilikuja hata kabla ya edita yenyewe. Niliambiwa "Visual Studio", na mimi nikaenda nikadaunlodi Visual Studio. Kumbe ni vitu viwili! Zote ni za Microsoft, zote bure kwa mtu kama mimi, majina kama ya mapacha, lakini ile yenye alama ya zambarau ni jitu, unaanza na kafaili kadogo unafikiri umemaliza kumbe ndio kwanza kanaanza kuvuta magigabaiti, na bando yangu ya 2GB ilikufa hata hatujafika nusu. Unayotaka ni ya bluu, yenye neno Code mwisho, iko karibu megabaiti 100 hivi. Angalia rangi kabla hujabonyeza.

Sasa nimeinstoli ya bluu. Inafunguka vizuri, skrini nyeusi kama ya wale watu wa sinema, nikajiona nimefika. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika:

print("Habari Kibuye")

Nikatafuta mahali pa kubonyeza ianze. Kijana wangu, yule mtoto wa dada, alikuwa ameniambia kuna kapembetatu huko juu kulia. Hakuna kapembetatu. Nikatafuta dakika ishirini, nikafungua menyu zote, nikabonyeza F5 ikaniletea maswali ambayo hata sikuelewa inauliza nini, nikafunga lapi nikalala na hasira.

Kesho yake nikaipeleka saiba. Sitataja ni saiba gani wala iko mtaa gani, si lengo langu kuharibia mtu kazi, lakini yule kijana aliiangalia sekunde kumi akasema "hii edita imekorapti mathe, inataka kutolewa na kurudishwa", akaitoa, akairudisha, akaniongezea rangi nyingine ya skrini sijui ya nini, akachukua shilingi mia tano, ndizo zile soo tano zangu. Nikapanda tuktuk nikarudi nyumbani Manyatta. Nikafungua. Ni ile ile! Mia tano, bei ya gorogoro tatu na chenji, nimelipa nirudishiwe kitu kile kile kikiwa na rangi ya samawati.

Hapa ndipo nataka mtu aelewe, kwa sababu hata fundi hakuelewa ama alielewa akanyamaza. Edita si Python. Edita ni mahali pa kuandikia tu. Ni kama umenunua meko ya gesi nzuri, vioo, vichwa vinne, umeiweka jikoni, unawasha haiwaki, unaita fundi anakupangusia vioo. Mtungi uko wapi? Hakuna aliyekuuzia mtungi. Python ndiyo mtungi, na inadaunlodiwa kivyake kutoka kwa tovuti yao, python.org, faili ya chini ya megabaiti 30, bure. VS Code haiji nayo ndani. Hiyo haifanyi iwe mbaya, imetengenezwa itumike na lugha nyingi, ingebeba mitungi mingapi? Lakini mtu mpya hajui, na ile sura yake ya kumaliza kila kitu inakudanganya.

Jioni hiyo nikampigia kijana wangu. Ndio nikagundua tofauti ya fundi anayeuliza na fundi anayeshika tu kazi.

"Anti, chini kabisa kulia, kwa ile mstari ya mwisho, imeandikwa nini?"

Nikamwambia imeandikwa Plain Text.

"Umesevu?"

Kusevu nini na nimeandika mstari mmoja. Akacheka. Akaniambia edita haijui hiyo ni Python mpaka uipe jina linaloishia na .py, kwake sasa hivi hiyo ni barua tu. Nikasevu hesabu.py. Papo hapo maneno yakageuka rangi, na kona ya chini edita yenyewe ikaniuliza kama nataka ekstensheni (kanyongeza) ya Python, nikakubali, na baada ya kungoja hivi, huyo kapembetatu akatokea juu kulia. Aki nilipiga makofi peke yangu. (Kama wewe uliandikia kwa Notepad kwanza, chunga, inaweza kukuwekea .txt nyuma ya .py na Windows inaificha huoni, faili inaitwa hesabu.py.txt na wewe unaapa ni hesabu.py.)

Nikabonyeza. Kimya bado, ikasema haioni Python. Akaniambia niandike neno python kwa terminali, ile sehemu nyeusi ya chini, nipige enta. Dirisha la duka la Windows likafunguka lenyewe, linataka nidaunlodi programu. Nilidhani nimeingiliwa na virusi, kumbe Windows 10 na 11 zimewekewa hiyo, hujainstoli Python ukiita jina lake inakupeleka dukani. Ukiona hivyo usiogope, ujue tu mtungi haupo. Ama upo lakini nyumba haijui umewekwa wapi, na hiyo ndiyo ilinipata raundi ya pili.

Kwa sababu niliinstoli Python vizuri, nikabonyeza ile kubwa ya katikati kama kila mtu, na bado ikanipeleka dukani. Sasa sikiza: ukifungua ile insitola, chini kabisa kuna kaboksi kadogo kameandikwa "Add python.exe to PATH". Kanakuja bila tiki. KATIE TIKI kabla ya kitu kingine chochote. Hako kaboksi ndiko kanaambia Windows Python inakaa wapi, na mimi nilikaruka kwa sababu nani anasomanga chini kabisa. Ilibidi niianzishe tena. Halafu nikajaribu, bado! Hapo nilikuwa karibu kulia, saa nne usiku, na kijana akaniambia polepole, Anti funga VS Code yote ufungue tena, terminali iliyokuwa wazi bado inakumbuka mambo ya zamani. Nikafunga, nikafungua.

Habari Kibuye.

Maneno mawili tu, kwa herufi nyeupe. Nikapiga picha ya skrini nikatuma kwa grupu ya familia, dada yangu akajibu "ni nini hiyo".

(Wenye Windows 7 jameni, Python kuanzia 3.9 ile ya 2020 haikubali kuingia huko, hilo si kosa la edita wala lako, tafuta 3.8 ama badilisha Windows.)

Baada ya hapo matatizo hayakuisha ila yalikuwa ya kuchekesha. Kuna siku niliandika python kwa terminali nikaona vimishale vitatu hivi >>> nikafikiri hapo ndipo mahali pa kuitia faili yangu, nikaandika python hesabu.py ikanigombeza ati sintaksi. Kumbe ukiona hivyo vimishale uko ndani ya Python tayari, unamwita mtu jina na umekaa kwa mapaja yake. Unaandika exit() unatoka, halafu ndio unaita faili. Siku nyingine nilikopi kodi kutoka WhatsApp ya kijana wangu (nasema kodi, landlord asiskie), na ile simu yake inageuza alama za kunukuu zinakuwa zimepinda kama za gazeti, na Python haitaki zilizopinda, inataka zilizosimama. Kwa macho yangu zilikuwa sawa kabisa. Nilizifuta nikaandika tena na kibodi yangu mwenyewe, ikakubali. Siku hizi ananitumia faili yenyewe, maneno nimekataa.

Lakini ile ilinila siku nzima ni kadoti. Nilikuwa nimejua kutumia terminali sasa, nabonyeza mshale wa juu amri ya mwisho inarudi, enta, najiona mjanja. Nikabadilisha bei ya maharagwe kwa kodi kutoka 150 kwenda 160. Enta. 150. Nikaangalia kodi, 160. Enta. 150! Nikabadilisha iwe 900 niione kama itapuuza na hiyo, ikapuuza. Nilifikiri labda kuna hesabu.py mbili kwa mashine, nikaanza kutafuta folda zote. Mteja akaja nikamwambia ngoja kidogo, akangoja, akaenda kwa jirani. Kumbe jina la faili huko juu kwenye kichupo, badala ya kale kaeksi ka kufunga, kulikuwa na kadoti keupe. Kadoti kanamaanisha hujasevu. Ukitumia kale kapembetatu inakusevia yenyewe kabla ianze, lakini terminali inasoma kilichosevuwa, si kile unachokiona kwa skrini. Control na S, 160. Nenda kwa menyu ya File sahii, weka tiki kwa Auto Save, utanishukuru.

Ya mwisho nayo haikuwa kosa la edita hata kidogo ila lazima niiseme. Niliandika hivi:

bei = 150
idadi = input("Gorogoro ngapi? ")
print(bei * idadi)

Nikaweka 3. Nikangoja 450. Ikanitolea 333333333 mstari mzima, ikavuka, ikaingia mstari wa pili. Weh. Yaani mteja wangu wa gorogoro tatu ana deni kubwa kuliko la serikali. Niliwaza kweli lapi imefika mwisho. Kijana akaniuliza zile tatu ziko ngapi, nikazihesabu, kweli nilizihesabu na kalamu, ni mia moja hamsini. Ndio akanielezea: unachochapa kikiingia na input, Python inakichukua kama maandishi, si namba, na ukiiambia maandishi mara 150 inayarudia mara 150, imekufanyia venye uliomba. Unaifunga na int, ile ya kugeuza maandishi kuwa namba nzima, hivi: idadi = int(input("Gorogoro ngapi? ")). Ikanipa 450. Nilipenda hiyo kuliko hata Habari Kibuye, kwa sababu hapo niliona mashine haina wazimu, inasikia tu neno kwa neno, kama ule mfanyakazi wangu wa kwanza niliyemwambia mwaga maji, akamwaga yale ya kunywa.

Sasa nyota. Nne kwa tano. Inafungua haraka hata kwa lapi yangu ya mtumba ikishaamka, inakuonyesha kosa kwa mstari mwekundu kabla hata hujaanza kuendesha, inakufungia mabano yenyewe, na ukifikia mahali pa kuongeza lugha nyingine huhami. Ile nyota moja nimebaki nayo kwa sababu mtu wa siku ya kwanza anahitaji aambiwe kwa herufi kubwa LETA PYTHON YAKO, na mimi sikuiona hiyo.

Na kama unaanza kesho na huna mtoto wa dada wa kupigia saa nne usiku, anza na Thonny. Imetengenezwa chuo kikuu cha Tartu huko Estonia kwa ajili ya wanaojifunza, ni nyepesi, na inakuja na Python ndani, meko na mtungi pamoja. Juu unaandika, chini inakujibu, F5, kwisha. Haina urembo. Kaa nayo mwezi halafu uhamie VS Code ukishajua unachotafuta. Laiti ningeambiwa, soo tano zingekuwa kwa mfuko.

Saiba sijarudi, na nyota sijaipa.

Programu yangu sasa inajumlisha madeni ya watu kumi na wanane. Ila mteja akitaka gorogoro mbili na nusu nikichapa 2.5 inagoma, hiyo int haitaki nukta, kijana amesema niweke float na mimi bado naogopa kuigusa kabla ya Jumapili ya soko, kwa hivyo watu wa nusu nusu bado nawaandikia kwa daftari.