Fantastic Four Omnibus, Juzuu la Kwanza: Uhakiki wa Kurasa za Barua

Juzuu la kwanza la Fantastic Four Omnibus, ambalo Marvel, kampuni ya Marekani ya kuchapisha katuni, ililitoa mara ya kwanza mwaka 2005 na ambalo limechapwa upya zaidi ya mara moja tangu wakati huo, linakusanya matoleo 30 ya mwanzo ya Fantastic Four, jarida la katuni kuhusu kundi la mashujaa wanne, pamoja na toleo maalumu la mwaka 1963. Hadithi zenyewe, zilizoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby kati ya 1961 na 1964, zimekwisha kuhakikiwa na watu wengi, na sioni haja ya kurudia kwamba ni nzuri. Ninachokihakiki hapa ni sehemu ambayo wanunuzi wengi huifunua haraka wakitafuta hadithi inayofuata, yaani kurasa za barua za wasomaji, ambazo matoleo mengi ya bei nafuu huziacha nje na ambazo humu zimerejeshwa mahali pake.

Kwa maoni yangu kurasa hizo ndizo zinazohalalisha bei ya kitabu hiki. Anayezisoma kwa mfululizo, badala ya kuchungulia moja moja, anaanza kuona jambo ambalo wahariri wenyewe hawakuwa na njia ya kulijua walipokuwa wakizipanga: baadhi ya majina yaliyochapwa kwa herufi ndogo chini ya barua ni ya watu ambao baada ya miaka michache wangekuwa wanalipwa kuandika, kuchora au kuhariri.

Ukurasa wa barua ulianza katika toleo la tatu, la mwaka 1962, na ulianza kwa udanganyifu mdogo unaochekesha. Miongoni mwa barua za kwanza imo ya mtu aliyejiita S. Brodsky, naye hakuwa msomaji wa kawaida hata kidogo, bali ni Sol Brodsky, mfanyakazi mwenzake Lee. Inaelekea barua za kweli zilikuwa bado hazijatosha kujaza nafasi. Miezi michache baadaye hali imebadilika kabisa: katika toleo la kumi Lee anawataka wasomaji waache kumwandikia “Mpendwa Mhariri”, kwa madai kwamba yeye na Kirby husoma kila barua na wanapenda kuona kwamba wanafahamiana na wanaowaandikia. Kuanzia hapo lugha ya barua inalegea, salamu zinakwenda kwa Stan na Jack kwa majina yao, na vijana wanaanza kusema wanayoyawaza bila kujivalisha adabu ya shuleni.

Barua inayotafutwa kuliko zote imo katika toleo la 20, la Novemba 1963. Iliandikwa na mwanafunzi wa Bayonne, New Jersey, aliyezaliwa mwaka 1948, ambaye dunia sasa inamjua kwa jina la George R. R. Martin, mwandishi wa riwaya za A Song of Ice and Fire. Anasifu toleo la 17, na sifa zake zimekithiri kama zilivyo sifa za vijana wa umri huo, lakini tazama anachokisifu. Anashangaa jinsi matukio mengi kiasi hicho yalivyoenea katika kurasa chache vile, kisha anataja mambo matatu: shujaa anayetumbukia katika shimo la barabarani, shujaa wa kike anayemdhania mbunifu wa vitu vya kuchezea kuwa mhalifu, na Rais wa Marekani anayeondoka katika mkutano ambao huenda ukaamua hatima ya dunia ili akamlaze binti yake. Anauliza ni jarida gani jingine la katuni ambalo msomaji angekutana na mambo kama hayo.

Hakutaja pigano hata moja. Kijana huyo alikuwa amekwisha kuona kwamba nguvu ya hadithi ile imo katika vitu vidogo vya kibinadamu vinavyowapata watu wakubwa, na mtu akizifahamu kazi alizoziandika ukubwani hatashangaa. Sisemi kwamba barua moja ilitabiri riwaya nzima, kwa maana utabiri unaotolewa baada ya tukio hauna thamani. Ninasema tu kwamba jicho la mwandishi linaonekana mapema, na humu linaonekana kwa maneno yake mwenyewe, kabla ya mtu yeyote kupata sababu ya kulisafisha.

Kuna jambo jingine la barua hiyo ambalo kitabu hakielezi. Magazeti hayo yalikuwa yakichapa anwani kamili za waandikaji, na Martin mwenyewe amesimulia kwamba baada ya barua yake kutoka, mashabiki wengine walianza kumwandikia nyumbani, akayajua majarida madogo yaliyokuwa yakichapwa na mashabiki wenyewe, akaanza kuandikia huko hadithi zake za kwanza. Ukurasa wa barua, kwa hiyo, ulimpa wenzake wa kuandikiana nao na mahali pa kujaribia kalamu, miaka kadhaa kabla ya kuuza hadithi yake ya kwanza kwa jarida la kulipwa mwaka 1970.

Njia ya Roy Thomas ilikuwa fupi zaidi. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari huko Missouri, na mwandishi wa barua asiyechoka, ambaye jina lake lilijitokeza mara kwa mara katika kurasa za wasomaji. Mwaka 1961 alishiriki na Jerry Bails katika kuanzisha Alter Ego, mojawapo ya majarida ya mwanzo ya mashabiki wa mashujaa wa katuni. Mwaka 1965 aliajiriwa na DC, kampuni ya katuni iliyokuwa ikishindana na Marvel, hakudumu huko hata mwezi mmoja, akahamia Marvel. Mwaka 1972 alichukua nafasi ya Lee kuwa mhariri mkuu, na akawa pia mwandishi wa Fantastic Four yenyewe. Msomaji amekuwa mhariri wa jarida alilokuwa akilikosoa. Si ajabu kwamba enzi yake ilijaa hadithi za kufafanua mambo madogo ambayo ni mtu mwenye kumbukumbu ya shabiki tu angeyajali.

Mtindo huu haukuanzia Marvel, na hapa juzuu lina upungufu usioepukika kwa kuwa linaonyesha nyumba moja tu ya uchapishaji. Julius Schwartz wa DC alikuwa yeye mwenyewe shabiki wa hadithi za kisayansi, ambaye mwaka 1932 alishiriki kutoa jarida dogo la mashabiki baada ya kukuta wenzake kupitia kurasa za barua. Alipokuwa mhariri aliwazawadia waandishi wa barua bora miswada na michoro asilia. Mike Friedrich alianza kwa kumwandikia barua na akaishia kumuuzia hadithi. Bob Rozakis alifuata njia hiyohiyo. Miaka kumi baada ya barua ya Martin, barua ya kijana Frank Miller, aliyekuja kuwa mwandishi na mchoraji mashuhuri wa katuni, ilitokea katika toleo la tatu la The Cat, jarida la Marvel, mwaka 1973. Anayetaka kuwaona hawa itambidi atafute mikusanyiko mingine.

Nirudi kwenye kitabu. Toleo la 11, la Februari 1963, linastahili kusomwa pamoja na barua zilizolitangulia, kwa sababu ndani yake malalamiko ya wasomaji yanaingia katika hadithi. Tarishi Willie Lumpkin anatokea kwa mara ya kwanza katika jarida hili akiwaletea mashujaa barua zao, na Sue Storm, mwanamke pekee katika kundi, anahuzunika kwa kuwa baadhi zinasema hana faida yoyote katika kundi. Wenzake wanamtetea kwa kumtolea mfano wa mama yake Abraham Lincoln, ambaye hakupigana vita vyovyote lakini mwanawe alimthamini kuliko wote. Utetezi huo ni dhaifu, tena unaudhi, kwa sababu unakubali kimyakimya kwamba Sue yupo kwa ajili ya kuwaliwaza wanaume. Hata hivyo, ni nadra kuona mwandishi akilazimika kumjibu msomaji ndani ya hadithi yenyewe, na pasipo kurasa za barua tukio hilo lingeonekana kama kichekesho kisicho na chanzo.

Kasoro kubwa ya kitabu ni kwamba hakina faharasa ya waandishi wa barua, wala tanbihi inayomwambia msomaji kwamba fulani huyu ndiye yule aliyekuja kuwa fulani. Mhariri wa juzuu alipaswa kuongeza kurasa mbili tu mwishoni. Herufi za barua ni ndogo, na mwenye macho yaliyochoka atahitaji taa nzuri. Rangi za hadithi zimefanywa upya na ni safi, pengine safi kuliko zilivyokuwa kwenye karatasi duni ya jarida lililouzwa senti 12. Kitabu ni kizito mno kusomwa kitandani. Kinahitaji meza, na kifunguliwe taratibu ili uti wake usipasuke.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki uzito huo unageuka kuwa gharama, kwa kuwa usafirishaji wa kitabu kama hiki kutoka ng’ambo unaweza kukaribia bei ya kukinunua. Anayetaka hadithi pekee asijisumbue: matoleo ya karatasi laini au yale ya kusoma kwenye simu yatamtosheleza, ingawa kwa kawaida barua hazimo humo. Anayeandika, anayechora, au anayefundisha vijana kufanya hivyo, na aagize omnibus, afungue toleo la 20, na asome barua ya Bayonne kabla ya kusoma kitu kingine chochote.